Yasmini si "zawadi ya Mungu": tulichimbe jina la asumini mpaka kwenye mizizi

Fukunyuku:

Wakuu, salaam.

Dada yangu kajifungua mtoto wa kike, jina Yasmini. Shemeji kwa furaha yake akarusha picha kwenye kundi la familia, chini kaandika kwa herufi za dhahabu: "Yasmini, yaani zawadi kutoka kwa Mungu." Wote tukaitikia amina. Mtoto ni zawadi, hilo halina mjadala. Ila ugonjwa wangu mnaujua, neno likinikaa kooni silali. Ninavyojua mimi yasmini ni ua, lile jeupe, dogo, harufu yake kubwa kuliko umbo lake. Hiyo zawadi imeingilia mlango gani?

Nikaingia mtandaoni. Tovuti za majina ya watoto ni utitiri, na zote zinaimba wimbo mmoja kwa maneno yaleyale, hadi nukta zilizokosewa ni zilezile. Hakuna hata moja inayokuonyesha "zawadi" ni silabi ipi na "Mungu" ni ipi. Nikahamia upande wa wanaisimu, na niliyoyakuta huko yanatosha uzi mzima. Nayashusha kidogokidogo. Mwenye nyongeza aongeze, mwenye kupinga apinge kwa hoja.

Tuanze na lugha. Yasmini si neno la Kiarabu kwa kuzaliwa, ingawa sisi tumelipokea mikononi mwa Waarabu. Ni la Kiajemi. Katika Kiajemi cha Kati, lugha iliyoandikwa enzi za wafalme wa Sasani kabla ya Uislamu, linaonekana kama yasaman. Maana yake ni ua hilohilo, basi. Ni neno zima, kama simba alivyo simba: ukilikata vipande hupati kisa ndani yake.

Na lingekuwa na maana ya zawadi ya Mungu, Waajemi wangekuwa wa kwanza kujua, maana jina lenye maana hiyo wanalo na linasomeka mchana kweupe: Khodadad. Khoda ni Mungu, dad ni "alitoa". Waarabu wana Hibatullah. Wagiriki wana Theodoros na Dorothea, vipande vilevile viwili, theos na doron, kilichogeuzwa ni mpangilio tu. Hayo yote ukiyagusa yanafunguka. Yasmini ukiigusa inanukia tu.

Sina ugomvi na mzazi anayempa mwanawe jina kisha akaliombea maana. Ugomvi wangu ni kusema hiyo ndiyo asili.

Naendelea baadaye, ngoja nione kama kuna watu.

Kizibo:

Nimeshakaa mkao wa kula. Tiririka mkuu.

Mama Wawili:

Kaka umeniharibia asubuhi. Binti yangu ni Yasmini, ana miaka tisa, na miaka yote tisa namwambia jina lake maana yake ni zawadi ya Mungu. Sasa nimwambieje? Halafu wahenga walisema lisemwalo lipo. Watu wote hao hawawezi kuota ndoto moja.

Fukunyuku:

Dada, mwambie yeye ndiye zawadi na jina lake ni ua. Hajapoteza kitu hapo.

Kuhusu lisemwalo lipo, nilijiuliza hivyohivyo. Nilichokipata ni hiki. Kuna kitabu cha Wazoroasta, wafuasi wa dini ya kale ya Uajemi, kinaitwa Bundahishn, kimeandikwa kwa hichohicho Kiajemi cha Kati, kinaeleza jinsi ulimwengu ulivyoumbwa. Mahali fulani kinagawa maua kwa viumbe watukufu wa mbinguni, kila mmoja na ua lake. Yasmini nyeupe kapewa Wahman, ambaye ndiye Fikra Njema. Na yasmini pamoja na mhadasi vikatajwa kuwa vya Ohrmazd mwenyewe, yaani Mungu wao mkuu.

Kwa hiyo zamani za kale ua hili liliwahi kusimama karibu kabisa na Mungu. Lakini soma vizuri: ua ni mali ya Mungu. Hakuna mahali imeandikwa kuwa neno maana yake ni hiyo. Shati la baba ni la baba, haina maana kwamba neno shati maana yake ni baba.

Na sidai kwamba tovuti za leo zilichota huko. Zingekuwa zimesoma Bundahishn zisingeacha kujitapa.

Mkia wa Nyati:

Mkuu mimi nina Kiajemi cha kuokoteza. "Man" kwa Kiajemi ni "mimi". Na "yas" wanaliita ua hilo mpaka leo. Yas + man = ua langu. Mbona linafunguka kirahisi hivyo?

Fukunyuku:

Nilijua atakuja mtu na hiyo. Mwajemi akitaka kusema ua langu lazima aweke kiunganishi katikati: yas-e man. Hawezi kubandika nomino na "mimi" hivihivi. Na hata ingewezekana, utaona ajabu kila anayekwenda sokoni aseme "naomba kilo mbili za embe langu", kisha mti mzima uitwe hivyo kwa karne kumi na tano.

Ila umegusa kitu kizuri. Waajemi wa leo wanatumia yas kwa upana. Yas ya zambarau ni ua jingine kabisa, lile ambalo Wafaransa wanaliita lilas. Na hilo nalo jina lake limetoka Uajemi: lilak au nilak, "lenye rangi ya bluubluu", kutoka nil. Ndiyo nili hiyohiyo tuliyo nayo kwenye Kiswahili, ile rangi ya kutia nguo. Maua mawili ya bustanini, lugha moja. La pili lina maana inayoonekana kwa macho, la kwanza halina. Ndivyo maneno yalivyo, mengine yanaeleza na mengine yanataja tu.

Sogora:

Uzi mzuri, naomba niingie upande wa Kiarabu kwa kuwa ndiko nilikosomea.

Neno lilipoingia Kiarabuni likawa yasamin, na papo hapo likaanza kuwasumbua watu kwa sababu ya mkia wake. Hiyo -in ya mwisho inafanana na alama ya wingi wa Kiarabu, kama muslim, muslimin. Basi wakatokea Waarabu waliolichukulia kweli kuwa ni wingi, wakasema yasamun pale sarufi inapotaka -un, na wakaunda umoja wake, yasim. Kamusi kubwa za Kiarabu za kale zimeyaandika hayo. Fikirieni: neno la wageni limekuja na mkia wake wa kuzaliwa, wenyeji wakaushika mkia wakadhani ni nguo.

Sisi tusicheke. Kitabu ni neno la Kiarabu lenye mzizi k-t-b, k yake ya mwanzo ni sehemu ya mzizi huo. Tulivyoliona linaanza na ki- tukasema vitabu. Mchezo ni uleule.

La pili ni la huzuni kidogo. Washairi walilivunja jina wakapata ya's, na ya's ni kukata tamaa. Wengine wakaenda mbali zaidi: ya's na mayn, kukata tamaa na uongo. Ndiyo maana katika adabu za watu wa mijini enzi za makhalifa wa Abbasi, palikuwa na wanaoona vibaya kumpelekea mpenzi yasmini, wasije wakasomeka kwamba wamekata tamaa naye. Ua la susani nalo lilikuwa na balaa lake: jina lake, sawsan, linaanza kama su', yaani ubaya. Mtu ananunua ua linukialo, kisha anakaa anakagua herufi kama hati ya mkataba!

Kwa hiyo Mama Wawili, tovuti zinasema zawadi, washairi walisema kukata tamaa. Wote wamepasua neno lisilopasuka. Wa zamani angalau walijua wanacheza.

Mama Wawili:

Kukata tamaa tena? Naona nirudi kwenye zawadi 😂

Kizibo:

Sogora umetisha. Hiyo ya mkia nimeicheka peke yangu kama mwehu.

Fukunyuku:

Sogora ahsante, hiyo ya yasamun sikuwa nayo.

Sasa safari ya magharibi. Karne ya 1, tabibu Mgiriki Dioscorides, aliyeandika kitabu kikubwa cha dawa za mimea, anataja mafuta ya kunukia ya Waajemi yaitwayo iasme, yanayotengenezwa kwa maua meupe na mafuta ya ufuta. Yeye alidhani maua hayo ni aina ya urujuani mweupe. Jina lilimfikia, ua halikumfikia.

Baadaye Waarabu wakalieneza jina na mmea wenyewe kuzunguka bahari ya Mediterania, na kila aliyepokea akalitia mkono wake. Waturuki yasemin, Wagiriki wa leo giasemi, Wahispania jazmín, Wareno jasmim, Wafaransa jasmin. Waingereza wakachukua kwa Wafaransa karne ya 16, wakawa na mawili: jasmine na jessamine.

Wanaonifurahisha ni Waitaliano. Wao wanasema gelsomino. Hiyo l imetoka wapi? Kwenye Kiajemi haipo, Kiarabu haipo, Kifaransa haipo. Imetoka kwenye gelso, ambao ni mforsadi, mti wa kulishia viwavi vya hariri. Sikio la Mwitaliano likasikia jina geni, likatafuta jamaa wa karibu, likampata mforsadi, likamwingiza ndani. Mimea hiyo miwili haina udugu wowote.

Hapa ndipo nilipoona jambo ninalotaka kulisema tangu mwanzo. Mwarabu aliona wingi na huzuni, Mwitaliano akaona mforsadi, tovuti za leo zikaona Mungu. Kila mmoja alipewa jina lisilo na mlango, akatoboa wake.

Mwaka 1753 Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, akalifunga kwa Kilatini: jenasi Jasminum, familia ya mzeituni. Ndiyo, mzeituni. Ndani yake kuna spishi zipatazo 200. Ile maarufu ya bustani za Ulaya akaiita Jasminum officinale, na officinale inatokana na officina, chumba cha kazi ambamo dawa zilitayarishwa na kuhifadhiwa. Jina lote basi ni neno la Kiajemi limevikwa kilemba cha duka la dawa.

Tausi Mweupe:

Swali langu ni la nyumbani. Mbona mmeandika yasmini yasmini huku sisi tuna asumini? Y imekwenda wapi na u imetoka wapi?

Fukunyuku:

Tausi, nilikuwa naogopa swali hili.

U nadhani naiweza. Kiswahili hakipendi konsonanti kubanana, kinatia irabu katikati, na karibu na m, ambayo inafumba midomo, irabu inayopendwa ni u. Tazama hukumu kutoka hukm. Asumini imefuata nyayo hizo.

Y ni dhana yangu tu: harufu ya yasumini, mafuta ya yasumini. Sema haraka mara tatu. Ya ya mbili zinagongana, moja inamezwa, kinabaki "harufu ya asumini".

Mkia wa Nyati:

Sasa nami nilipe. Umesema Kiswahili kinatia u pale konsonanti zinapobanana. Lakini Sogora kaandika yasamin, s na m hazijabanana, kuna a katikati. Kwa nini tusiseme asamini?

Fukunyuku:

Hapo umenibana kweli. Sogora niokoe.

Sogora:

Niko hapa. Yasamin ni ya maandishi. Mdomoni Waarabu wengi wanasema yasmin, ile a fupi wanaimeza. Na maneno mengi ya Kiarabu yaliyoingia Kiswahilini yaliingia kwa mdomo, si kwa kamusi. Tulisikia yasmin, s na m zimebanana, tukatia u. Aliyetaka kubaki karibu na Kiarabu akasema yasmini, ndiyo maana tunayo yote mawili. Fukunyuku hoja yako inasimama, ilikosa mguu mmoja tu.

Na tusisahau tuna neno letu la zamani, afu, ua la mwafu, yaani asumini ya porini. Kamusi za kale za Kiswahili zinalo. Jina la wageni limekalia kiti, la wenyeji limerudi msituni.

Tausi Mweupe:

Afu! Bibi yangu alikuwa akilitaja nikidhani anapiga chafya.

Bustani Ndogo:

Habari zenu wataalamu. Mimi si mtu wa maneno, ni mtu wa udongo. Nilipewa mche nikaambiwa ni asumini. Umetoa maua ya njano, mazuri, hayanukii hata kidogo. Mwingine nikaambiwa asumini ya usiku, huo unanuka mpaka kichwa kinauma. Na wa tatu majani mazito yanang'aa, ua jeupe kubwa kama waridi, nao asumini. Ipi ni asumini?

Fukunyuku:

Umeleta kesi tatu kwa mpigo. Bila kuiona mimea yako nakueleza majina yenyewe, wewe linganisha.

Wa njano unaweza kuwa asumini halali. Ipo Jasminum nudiflorum kutoka China, inayochanua baridini kabla majani hayajatoka, ndiyo maana ikaitwa nudiflorum, ua lililo uchi. Wachina wanaiita yingchun, mkaribisha machipuko. Hainukii. Jasminum si cheti cha harufu.

Lakini chunga, kuna wa njano mwingine unaoitwa kwa jina hilo nao si ndugu kabisa: Gelsemium sempervirens wa Marekani. Jina Gelsemium limetengenezwa kutoka gelsomino ya Kiitaliano, na jimbo la South Carolina limeufanya ua lake rasmi tangu 1924. Mmea wote ni sumu, kuanzia mzizi mpaka mbochi wa ua. Tofauti ya haraka: asumini ya kweli ina ua lenye mrija mwembamba uliofunguka kama nyota, na ukilichungulia ndani utakuta stameni, vile vijiti vya kiume vyenye chavua, mbili tu. Gelsemium ina tano na ua lake ni kama tarumbeta.

Asumini ya usiku ni Cestrum nocturnum, jamaa wa nyanya na mnavu. Kaazima jina kwa sababu ya harufu.

Wa tatu ndio mtamu kwa sisi wa maneno. Unafanana na Gardenia jasminoides, familia moja na mbuni wa kahawa. Jasminoides maana yake "mfano wa asumini". Na Gardenia kila mtu anaapa kwamba imetokana na neno la Kiingereza la bustani. Hapana. Imetokana na Alexander Garden, daktari Mskoti aliyeishi Charleston, Marekani, karne ya 18, akiwaandikia barua wataalamu wa mimea wa Ulaya. Ua la bustani limepewa jina la mtu ambaye ukoo wake kwa bahati tu uliitwa Bustani. Juu ya hapo Waingereza waliliita asumini ya Rasi, wakidhani limetoka Rasi ya Tumaini Jema, kumbe kwao ni China. Jina moja, uongo mara mbili.

Bustani Ndogo:

Stameni mbili. Hiyo nimeishika, kesho nachungulia. Ahsante mkuu.

Kizibo:

Kwa hiyo Gardenia ni "Bwana Bustani"? Uzi huu unanivuruga.

Sogora:

Mmekwenda magharibi mno, turudi mashariki. Lile ua ambalo wengi wetu tukisema asumini ndilo tunaloliona, petali nene nyeupe, harufu tamu jioni, ni Jasminum sambac. Linaitwa asumini ya Uarabuni, na kwao si Uarabuni, ni Bara Hindi na maeneo ya jirani. Kama ile nyingine, Jasminum grandiflorum, iliyoitwa asumini ya Hispania huku makwao ni kuanzia Asia ya Kusini mpaka Arabuni na upande wetu huu wa Afrika. Ua linapewa jina la mtu wa mwisho aliyelileta.

Sambac lenyewe lina mkasa. Kiarabu cha kale zanbaq ni mafuta ya yasmini. Siyo ua, ni mafuta. Waandishi wa Kilatini wakalichukua likawa sambac, likabandikwa kwenye ua. Huku Uarabuni zanbaq ikahama, leo ukimwambia Mwarabu zanbaq anakuletea yungiyungi. Lile neno limebaki na asumini ugenini, nyumbani limemwacha.

Wahindi hawakuhitaji neno la Kiajemi kwa sababu maua yalikuwa kwao na majina walikuwa nayo. Kisanskriti mallika, na lugha za leo zina mogra, malli na mengine tele. Mallika ikasafiri na China ikawa moli. Na hapa kuna kisa kitamu: katika kitabu cha mimea ya China ya kusini, ambacho kwa mapokeo kinahesabiwa kuwa cha mwaka 304 ingawa wataalamu wanabishania umri wake, majina mawili yanatokea: moli na yeximing. La kwanza ni mallika ya Wahindi, la pili ni yasmini ya Waajemi. Lugha mbili zimekutana kwenye bustani moja, kila moja imebeba ua lake.

Mkia wa Nyati:

Yeximing ni yasmini? Sema haraka... dah, kweli.

Sogora:

Thai mallika imepungua mpaka ikabaki mali. Ukisikia mali huko, ni asumini.

Kizibo:

Basi mimi kumbe nimekuwa nikitafuta asumini maisha yangu yote, na sijapata hata petali.

Sogora:

😄 Ufilipino ndiko kuna mfano unaomfaa Fukunyuku. Ua hilihili la sambac wanaliita sampaguita, na lilitangazwa ua la taifa mwaka 1934. Hiyo -ita ni ya Kihispania, kipunguzi cha upole, kama sisi kusema kijiua. Ila mwulize mtu barabarani, atakwambia limetokana na sumpa kita, "nakuapia", na atakuongezea hadithi ya wapenzi waliokufa. Hadithi nzuri. Jina halikutoka huko.

Tausi Mweupe:

Naombeni nami nichangie kwa heshima ya jina langu. Hawaii ua hilohilo linaitwa pikake. Na pikake ni tausi! Wamelitohoa neno la Kiingereza la tausi. Sababu ni Binti mfalme Kaʻiulani, aliyefariki 1899 akiwa na miaka 23. Alipenda tausi wake na alipenda maua hayo, watu wakaviita vyote kwa jina moja. Kwa hiyo huko mimi ni asumini.

Fukunyuku:

Tausi, hiyo ya Hawaii ni dhahabu. Na ona, hapo jina lina maana na chanzo kinajulikana, lakini hakihusiani na ua lenyewe hata kidogo. Kinahusiana na binti aliyekuwa akipenda vitu viwili.

Ngumi:

Samahani, mimi sielewi faida. Ua ni ua. Hata likiitwa gunia litanukia vilevile.

Fukunyuku:

Litanukia, ila jina lina mikono mirefu. Januari 2011 Ben Ali alipoondolewa Tunisia, vyombo vya habari vya nje vikayaita Mapinduzi ya Yasmini. Watunisia wengi hawakupendezwa, wao walisema mapinduzi ya heshima ya utu, na wenye kumbukumbu walijua jina la yasmini lilishawahi kutumika kwa Ben Ali mwenyewe aliposhika madaraka 1987. Mwezi uliofuata ukatokea mtandaoni mwito wa maandamano China kwa jina hilohilo, serikali ikaanza kuzuia neno moli kwenye utafutaji. Ua la kwenye nyimbo zao za jadi likageuka neno la hatari. Usiseme gunia, mkuu.

Na maabara je? Kemikali iliyopatikana kwenye mafuta ya asumini ikaitwa jasmoni. Jamaa zake, jasmonati, zikaja kugunduliwa kuwa ni homoni ambazo karibu mimea yote inazo, na mdudu akitafuna jani ndizo zinazoamsha ulinzi. Mwaka 1990 watafiti Farmer na Ryan walionyesha kwamba jasmonati ikipita hewani tu kutoka mmea mmoja inaweza kuufanya mnyanya ulio jirani ujiandae kwa adui. Kwa hiyo mahindi, nyanya, mchicha, yote yana kitu ndani chenye jina la Kiajemi la ua lisilo lao.

Ngumi:

Hiyo ya nyanya nimeikubali. Narudi kusoma mwanzo.

Mama Wawili:

Mrejesho. Nimemwambia binti. Nikamweleza Uajemi, Mwitaliano na mforsadi, tausi wa Hawaii. Alivyomaliza kusikiliza akauliza, "Kwa hiyo mimi ni familia moja na mzeituni?" Hayo ndiyo aliyoyashika. Shuleni kesho sijui atawaambia nini wenzake.

Kizibo:

Fukunyuku, na shemeji je? Umemwambia, au umeogopa?

Fukunyuku:

Nilimwambia. Alinisikiliza kwa adabu zote za shemeji, kisha akaniambia dhahabu ameshailipia na picha imeshachapishwa, itabaki ukutani.

Ila kuna jipya. Cheti cha mtoto kimetoka jana. Karani sijui alisikia nini, kaandika Yasumini. Y ipo na u ipo, vyote viwili. Dada alitaka kirudishwe kikasahihishwe. Nimemwomba anipe siku mbili kwanza nimwulize Sogora.

Sogora:

Mwambie asikirudishe. Hiyo ndiyo hatua niliyokuwa naitafuta kati ya yasmini na asumini. Nipigie picha hilo neno peke yake, jina la ukoo funika.